Jinsi kampuni zinavyochagua miradi ya jamii ya kusaidia: Mbulu na Hanang

KATIKA vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ujenzi wa darasa au zahanati mara nyingi huanza kwa michango na nguvu za wananchi, kisha hutafutwa mfadhili wa kumalizia. Boma likikaa muda mrefu bila paa, mvua hulibomoa na jasho la kijiji hupotea. Kwa sababu hiyo, ni vyema kufahamu vigezo vinavyotumiwa na kampuni kutoa misaada.

Fedha zinakotoka

Benki za NMB na CRDB, kila moja kwa sera yake, hutenga asilimia 1 ya faida ya mwaka baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Hivyo kiasi kinachotolewa hufuata faida, si wingi wa maombi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya jamii iondolewe katika mapato yanayotozwa kodi, mradi isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara.

Kinachosaidiwa

NMB imejikita zaidi katika elimu, afya na majanga, ikitoa madawati, mabati na vitanda vya wagonjwa. Vifaa huhesabika na hukabidhiwa hadharani, lakini haviajiri mwalimu wala mganga.

Kwa hiyo ombi lenye nguvu ni lile lililopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, likajadiliwa na kamati ya maendeleo ya kata na kuingizwa katika mpango wa halmashauri, ambayo ndiyo itakayoendesha huduma baada ya mfadhili kuondoka.

Majanga hufuata njia ya haraka zaidi. Maporomoko ya matope ya Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani, yalivuta misaada ya kampuni na taasisi nyingi kwa muda mfupi, ikiratibiwa na Serikali. Kijiji chenye kisima kibovu hakina picha ya kuwagusa watu kiasi hicho, nacho husubiri zamu.

Njia nyingine

Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, utaratibu ni tofauti. Vijiji vya Wahadzabe na majirani zao Wadatoga hulinda misitu, na kampuni ya Carbon Tanzania huuza hewa ukaa inayotokana na ulinzi huo. Sehemu ya mapato hurudi vijijini, na wanakijiji ndio wanaoamua zitumike wapi, iwe matibabu, ada za wanafunzi au malipo ya walinzi wa msitu.

Hapo kijiji hakiombi msaada. Hulipwa kwa kazi kilichoifanya, na uamuzi hubaki mikononi mwake.