Ngome ya leo, gereza la kesho

Ndugu msikilizaji, nawe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, binadamu tumeumbwa na mapenzi ya namna nyingi. Yuko anayependa mpira, yuko anayekusanya stempu, na yuko ambaye taarab haimpiti. Mimi napenda ngome. Nikitumwa kikazi katika mji wowote, nikishamaliza kurekodi mahojiano yangu, huuliza wenyeji kama pana ngome ya zamani, na kama ipo siondoki mpaka nimeizunguka kwa miguu. Wenzangu kazini walinicheka mpaka wakachoka.

Mapenzi haya ni ya tangu utotoni. Sisi watoto wa pwani tulijenga ngome za mchanga, tukaweka minara kwa vifuu vya nazi, tukachimba handaki, kisha tukagawana: hawa Wareno, wale Waarabu. Tulipigana mpaka bahari ikajaa, na ilipojaa ilitushinda sote bila kuuliza nani ni nani.

Leo nataka tuzungumze habari za ngome za aina tatu, yaani ngome za kweli, ngome za ndoto na ngome za kuchezea. Katika kuzifuatilia miaka yote hii nimeona jambo moja ambalo linatuhusu hata sisi tusio na mizinga wala askari: ngome ina tabia ya kumgeukia aliyeijenga.

Ushahidi wa kwanza tunao mdomoni kila siku. Chukua neno gereza. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba asili yake ni neno la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Kanisa limegeukaje kuwa jela? Jibu tunaweza kuliona pale Unguja, mbele ya Forodhani. Wareno walijenga kanisa mahali pale mwanzoni mwa karne ya 17. Waarabu wa Omani walipowafukuza Wareno mwishoni mwa karne hiyo, walijenga ngome papo hapo, ndiyo hii tunayoiita Ngome Kongwe. Katika karne ya 19 ngome hiyo ikatumika kufungia watu. Kanisa, kisha ngome, kisha jela, mahali ni pale pale. Na kule Kilwa Kisiwani, jengo kubwa la ngome linaloukabili ufuko mpaka leo linaitwa Gereza. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512, na Waomani wakaja kujenga yao hapo yapata mwaka 1800. Mababu zetu waliotupa neno hili hawakuwa wanafalsafa wa darasani. Waliliita jengo kwa kadiri walivyoliona likitumika.

Lakini ngome ya kweli kuliko zote katika pwani yetu ni Fort Jesus ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Aliichora kwa mahesabu makali: kila pembe imechomoza ili mzinga wa pembe hii uulinde ukuta wa pembe ile, asipatikane adui wa kujificha chini ya kuta. Ukisimama pale leo ukatazama unene wa zile kuta za mawe ya matumbawe, utasema hapa hapaingiliki.

Basi sikiliza namna palivyoingiwa. Mara ya kwanza, ngome ilianguka kwa mgeni aliyefunguliwa mlango. Mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alikuwa amelelewa na Wareno wenyewe kule Goa, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha kwenye kiti cha baba yake. Baba huyo aliuawa kwa hila za Wareno hao hao. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni kama mtu anayekuja kumwamkia kapteni. Alikuwa na jambia. Kapteni akauawa, na ngome ikawa mikononi mwa Yusuf hata mwaka uliofuata, alipoiacha akaingia baharini. Mahesabu yote ya Cairati yalikuwa ya kumzuia mtu wa nje anayechukiwa. Hayakuwa na dawa ya mtu wa ndani aliyedhulumiwa.

Mara ya pili ni kisa kirefu zaidi, na kila nikikisoma mwili hunisisimka. Mwezi Machi 1696 merikebu za Imamu wa Omani zilitia nanga Mombasa. Wareno wachache pamoja na watu wa pwani wapatao elfu moja na zaidi wakakimbilia ngomeni na kufunga mlango. Walikaa humo miezi 33. Mizinga ya Waomani haikuzivunja kuta. Kilichowamaliza watu ni njaa, na baada ya njaa yakaja maradhi ya tauni. Katikati ya mwaka 1697 askari wa Kireno walikuwa karibu wote wamekwisha kufa. Aliyeishika ngome wakati huo alikuwa Bwana Daud wa Faza, mwana wa pwani hii hii, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wengine wanane wa Kiafrika, na wanawake 50. Wanawake hamsini, msikilizaji! Walioikinga ngome ya Mfalme wa Ureno katika siku zake mbaya kuliko zote walikuwa akina mama wa Kiafrika, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika.

Msaada ulifika Septemba mwaka ule, maradhi yakaendelea, watu wakazidi kupukutika. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipopanda kuta, waliokuwa wamebaki ndani hata dazeni mbili hawakufika. Siku chache baadaye zikatokea merikebu nyingine za msaada kutoka Goa. Mabaharia wakainua macho, wakaona bendera nyekundu ya Omani inapepea juu ya ngome, wakageuza tanga. Kuta zilikuwa zimesimama vile vile, imara kabisa. Watu ndio hawakuwapo.

Na baada ya Wareno na Waomani? Waingereza walipoitwaa nchi walitazama jengo lile wakaona kazi moja tu inayolifaa. Kuanzia 1895 mpaka 1958 Fort Jesus ilikuwa jela. Gereza, kwa neno letu.

Msidhani kwamba hii ni bahati mbaya ya pwani yetu peke yake. Mnara wa London ulianzwa kujengwa katika miaka ya 1070 na Mfalme William, aliyekuwa ameiteka Uingereza na akawa anawaogopa wakazi wa mji aliouteka. Mwaka 1100 ulikwisha kupata mfungwa wake wa kwanza anayejulikana, Askofu Ranulf Flambard, ambaye mwaka uliofuata alitoroka kwa kamba aliyoingiziwa ndani ya pipa la mvinyo. Waliomfuata wengi hawakuwa na bahati hiyo. Ngome ya Bastille mjini Paris ilijengwa katika karne ya 14 kuulinda mji dhidi ya Waingereza, ikaishia kuwa jela ya wafalme wa Ufaransa, na wananchi waliokuwa walindwe nayo ndio walioivamia tarehe 14 Julai 1789. Walipofika ndani walikuta wafungwa saba tu.

Haya, tuje kwenye ngome za ndoto. Ukifumba macho ukafikiria kasri la hadithi za watoto, lenye minara myembamba mirefu juu ya mlima, huenda unaliona kasri la Neuschwanstein bila kulijua. Lilianza kujengwa mwaka 1869 kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, nchini Ujerumani. Wakati huo mizinga ilikwisha kuzifanya ngome za namna hiyo kuwa kazi bure. Ludwig hakuhitaji ngome ya vita. Alitaka mahali pa kujificha dunia, aishi kama wafalme wa hadithi za kale, na akakopa fedha nyingi mno kwa ajili ya ndoto hiyo. Juni 1886 mawaziri wake walimtangaza kuwa hana akili timamu, wakatuma watu wakamkamata ndani ya kasri lile lile, jengo likiwa halijamalizika. Akachukuliwa mpaka nyumba nyingine ya kifalme alikowekwa chini ya ulinzi, na jioni ya tarehe 13 mwezi huo akakutwa amekufa ziwani, pamoja na daktari wake. Wiki chache tu baadaye milango ikafunguliwa, watu wakalipa kiingilio kutazama vyumba vya mtu aliyekuwa hapendi kutazamwa. Kasri la Disneyland lililofunguliwa Marekani mwaka 1955 lilichukua sura yake humo.

Zimebaki ngome za kuchezea. Kampuni ya Lego ya Denmark ilitoa ngome yake ya vipande vya plastiki mwaka 1978, ya rangi ya njano, na tangu hapo watoto wa nchi zenye uwezo wamezijenga na kuzibomoa bila hesabu. Watoto wetu wanazijenga kwa maboksi ya sabuni na mchanga wa fundi muashi. Ila tazama kwa makini ngome ya kuchezea, iwe ya dukani au ya boksi. Mara nyingi hufunguka, au upande wake mmoja hauna ukuta kabisa, maana mtoto anahitaji kupitisha mkono. Ngome isiyoingiza mkono haichezeki. Mtoto amelijua hilo bila kufundishwa. Sisi watu wazima tumelisahau.

Ndiyo, nasema sisi. Pita katika mitaa ya miji yetu uangalie. Ukuta umepanda kupita kimo cha mtu, juu yake vigae vya chupa, juu ya vigae seng'enge, na penye uwezo waya wa umeme. Madirisha yana nondo, geti lina kufuli tatu, na ubaoni pameandikwa "Mbwa mkali". Simlaumu mtu. Wezi wapo, na aliyekwisha kuvunjiwa halali usingizi kwa nasaha za redioni. Lakini katika mtaa ninaokaa, usiku mmoja moto ulizuka katika nyumba yenye ukuta mrefu kuliko zote. Majirani tulitoka na ndoo zetu, tukasimama nje ya geti tukisikia watoto wanalia. Mlinzi hakuwapo. Kufuli zilikuwa ndani, ufunguo haukuonekana kwa moshi, na nondo za madirisha zilikuwa za kipimo cha kuzuia jambazi. Zilimzuia mwenye nyumba pia. Aliyewatoa ni kijana fundi wa kuchomelea mwenye kibanda pale kona, aliyekuja na mashine yake akazikata zile nondo. Wote walitoka salama, namshukuru Mungu. Na kijana yule, hadi usiku ule, mle ndani walikuwa hawalijui hata jina lake.

Ndipo nikaelewa vizuri kisa cha Mombasa. Ukuta unaweza kukununulia muda, lakini chakula, maji, dawa na msaada vyote hutoka nje, kwa watu. Bwana Daud aliishika Fort Jesus kwa sababu ya wale waliokubali kusimama naye, na ngome ikaanguka walipokwisha. Jenga ukuta wako, ndugu yangu, kama lazima ujenge. Ila fahamu jirani wa kulia na wa kushoto, na ufunguo mmoja uwe mahali ambapo mtu wa nje mwenye nia njema atajua kuupata.

Ngome Kongwe ya Unguja nayo haikubaki jela. Katika miaka ya 1990 ilitengenezewa ukumbi wa wazi wa michezo, na humo yamefanyika matamasha ya filamu na ya muziki, likiwamo lile la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Kuta ni zile zile za wale waliokuwa wakiogopa mizinga. Lililobadilika ni kwamba sasa mlango uko wazi, na watu wanaingia kwa furaha na kutoka kwa hiari yao.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.