Mganda, Ngoma Iliyotoka Kambini

Septemba 2024, Tamasha la Tatu la Kitaifa la Utamaduni lilifanyika Songea, na Rais Samia Suluhu Hassan akalifunga tarehe 23 kwenye Uwanja wa Majimaji. Kwa mkoa wa Ruvuma ilikuwa heshima kubwa. Huu ni mkoa wenye ngoma za kutosha kujaza uwanja bila kuazima kwa jirani: Wangoni wana lizombe yao, na ukivuka kuelekea Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa unakuta mganda wa wanaume na kioda ya wanawake. Zote hutangazwa kwa jina moja la ngoma za asili, na mtazamaji aliye mbali hudhani zimekuwapo tangu enzi za mababu wa mababu.

Kwa mganda, historia inasema jambo jingine, na kwangu mimi hilo ndilo linaloipa ngoma hii utamu wake.

Itazame kwanza. Wanaume wanaingia uwanjani kwa mistari iliyonyooka, wamevaa kaptula na mashati meupe yaliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini na viatu vinavyong'aa. Kiongozi anatembea pembeni na fimbo mkononi, akiwapanga. Hatua ni ndogo, zenye adabu. Mguu unanyanyuliwa kidogo, kiwiliwili kinainama, mstari mzima unageuka kwa pamoja. Nyuma inadunda ngoma moja kubwa. Anayetarajia manyoya na ngozi za chui atabaki akishangaa, kwa maana anachokiona kinafanana zaidi na gwaride.

Kisha sikiliza. Wimbo unaimbwa, halafu unarudiwa na malipenga. Lipenga la mganda ni kibuyu kilichokaushwa na kutolewa mbegu. Kinatobolewa tundu la kuingizia sauti, na tundu jingine linafunikwa kwa utando mwembamba. Wazee walitumia utando wa mfuko wa mayai ya buibui, kwa kuwa ni mwepesi na haupasuki upesi. Mchezaji hapulizi kama mpiga tarumbeta. Anaimba ndani ya kibuyu, na ule utando unatetema na kuifanya sauti yake iwe ya kukwaruza, ya kuvuma. Kibuyu kidogo hutoa sauti nyembamba, kikubwa hutoa sauti nzito. Vikipangwa vidogo na vikubwa pamoja, kijiji kimepata bendi nzima ya shaba bila kununua hata tarumbeta moja.

Bendi ya shaba ndiyo hasa iliyokuwa ikitafutwa. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma ya beni, yenye makundi yaliyojipanga kwa vyeo vya kijeshi na kushindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari ya beni katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, akaonyesha jinsi ilivyotembea na askari na wapagazi hadi bara. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoisukuma mbali zaidi.

Na vita hiyo ilifika Ziwa Nyasa mapema kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Tukio hilo hutajwa kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika vita ile, nalo lilitokea mbele ya macho ya wavuvi wa pwani yetu. Katika miaka iliyofuata, wanaume wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa wameona kambi, paredi, vyeo na bendi.

Kwa kawaida chanzo cha mganda, ambao upande wa Malawi huitwa pia malipenga, hutajwa kuwa kwa Watonga wa pwani ya magharibi ya ziwa. Kutoka huko ukaenda na maji. Ziwa halikuwagawa watu wake kama ramani inavyoonyesha. Mashua na meli zilibeba samaki, mahindi, wanafunzi wa misheni na wachumba, na Kisiwa cha Likoma kilikuwa njia panda ya yote hayo. Mganda ulitua kwa Wanyasa na Wampoto wa pwani, ukapanda milima hadi kwa Wamatengo, watu wa mashamba ya ngolo, yaani ya mashimo milimani, na baadaye wa kahawa. Upande wa pili ulifika hadi Zambia, ambako mtafiti A. M. Jones aliandika juu yake mwaka 1945.

Ni rahisi kusema kwamba watu hawa walimwiga mkoloni. Mimi naona walimnyang'anya. Gwaride lililotumiwa kuwaamrisha walilitia ndani ya wimbo wao wenyewe, wakawagawia vyeo vijana ambao serikali isingewapa cheo chochote. Kijana aliyekuwa mpagazi akawa kapteni mbele ya mama yake. Nchi hii ilikuwa imeonja ukatili wa utawala wa Kijerumani. Songea kulinyongwa mashujaa wa Vita ya Majimaji tarehe 27 Februari 1906. Kuvaa nyeupe na kusimama wima baada ya hayo halikuwa jambo dogo.

Roho ya mganda ilikuwa mashindano ya kijiji na kijiji. Baada ya mavuno kundi hualika kundi. Wenyeji hupika, huchinja, hulaza wageni. Wageni hufika na nyimbo mpya walizozificha kwa majuma. Mashairi yanagusa kila kitu: bei ya mazao, aliyekwenda kutafuta kazi mbali akasahau nyumbani, kiongozi mkali, msiba uliopita. Anayeshinda hupata sifa, na aliyeshindwa hupata sababu ya kualika mwakani. Kioda nayo huwapa wanawake uwanja wao, kwa mistari na sare zao, na ukali wa maneno usiopungua wa wanaume.

Baada ya uhuru serikali iliingia kwa nia njema. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni aliwauliza Watanganyika waliojua kucheza rumba na chachacha ni wangapi kati yao waliozijua ngoma za gombe sugu au lele mama. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza mwaka 1981, na tamasha lake likafuata. Haya yameokoa mengi. Lakini ngoma za vijijini zilizoea kazi nyingine pia, ya kupokea Mwenge wa Uhuru na wageni wa serikali. Mchezo uliokuwa wa kutwa nzima ukabanwa katika dakika chache kabla ya hotuba. Wimbo uliomsema kiongozi ukawa wimbo wa kumkaribisha. Hapo ndipo ninapoona hasara, kubwa kuliko ile inayotokana na muziki wa simu ambao wazee huulaumu kila siku.

Sasa maisha yanabadilika tena. Katika bonde la mto Ngaka, huko Mbinga, makaa ya mawe yanachimbwa, magari makubwa yanayabeba, na vijana kutoka kila wilaya wanakuja kutafuta kazi. Hali hiyo si ngeni kwa mganda. Ulizaliwa na vijana waliotoka mbali wakiwa na mambo ya kusimulia.

Ndiyo maana tamasha litakalotaka kuuenzi mganda halina budi kuacha jukwaa na kipaza sauti, angalau kwa siku moja. Ziwepo sherehe za Songea, na ziwepo kumbukumbu za Majimaji kila Februari. Pamoja nazo, halmashauri za Mbinga na Nyasa zitenge siku mbili baada ya msimu wa kahawa, vijiji vialikane kama zamani, wenyeji wapike, waamuzi wawe wazee wanaozijua hatua, na wimbo wa kulalamikia bei ya kahawa uruhusiwe kuimbwa hadi mwisho. Malawi ilifanikiwa kuipeleka ngoma ya vimbuza katika orodha ya UNESCO mwaka 2008; mganda ni wa pande zote mbili za ziwa, na nchi hizi zinaweza kuupeleka kwa pamoja. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay. Ikikamilika, makundi ya Likoma na Nkhata Bay, upande wa Malawi, yaalikwe kuvuka na vibuyu vyao, na yapewe siku nzima ya kushindana na wenyeji.