Kifaduro: Kinga ya Mtoto Huanzia kwa Mama

Mtoto akizaliwa hapa kwetu Meru na Embu, majirani huja kumwona, na kila mmoja hutaka kumpakata. Je, anayekohoa naye apewe mtoto? Hebu tuangalie historia.

Viini vya kifaduro viligunduliwa na Jules Bordet na Octave Gengou wa Ubelgiji mwaka wa 1906. Baadaye chanjo ilipatikana. Kenya ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa chanjo, KEPI, mwaka wa 1980, kifaduro kilikuwa miongoni mwa magonjwa sita yaliyolengwa. Mtoto hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Lakini kabla ya wiki ya 6, ni nani anayemkinga? Kinga ya chanjo ya utotoni hupungua. Mtu mzima huona ni kikohozi cha kawaida, kumbe anamwambukiza mchanga.

Mwaka wa 2006, Marekani ilishauri jamaa wote wa karibu wa mtoto wachanjwe. Ilikuwa vigumu kuwafikia wote. Mwaka wa 2010, watoto wachanga 10 walifariki katika jimbo la California. Mwaka wa 2012, wengine 14 walifariki Uingereza, na Oktoba mwaka huo nchi hiyo ikaanza kuwachanja waja wazito. Kinga ya mama ilipita hadi kwa mtoto tumboni, na ugonjwa ukapungua sana kwa wachanga.

Njia hii si ngeni kwetu. Mama wa Maua au Runyenjes hudungwa sindano ya pepopunda akiwa mjamzito. Kwa juhudi hizo, mwaka wa 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imedhibiti pepopunda ya akina mama na watoto wachanga. Lakini kumbuka: sindano hiyo ya kliniki haikingi kifaduro.

Basi tufanye nini? Mpeleke mtoto akadungwe akitimiza wiki 6, usichelewe. Anayekohoa asimpakate, hata akiwa nyanya mpendwa. Mwambie kwa heshima. Mchanga mwenye kifaduro huenda asikohoe, bali akaacha kupumua kwa muda, midomo na ulimi vikageuka rangi. Ukiona hivyo, kimbia hospitalini, usingoje asubuhi.