Kadrani ya mrija au ya umeme? Historia ya mshale unaookoa motere

Kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, gari lililojaa watu na mizigo likipanda milima ya Ngomo, motere ndiyo inayoamua kama watu watafika mchana au watalala njiani. Kwa familia iliyohama na kubeba kila ilicho nacho juu ya kamyo, kulala njiani si jambo dogo. Motere ikikosa mafuta au maji, shofere anakuwa na muda mfupi sana wa kuizima kabla haijakufa. Kinachomjulisha ni kadrani, ile saa ndogo yenye mshale iliyo mbele yake kwenye tablo.

Magari mengi ya Kivu ni ya okazio. Mengine kadrani zake zilikufa zamani, mengine yana taa nyekundu tu. Kwa hiyo wenye magari wananunua kadrani za kuongeza, na kwenye garaji fundi anauliza: unataka ya mrija au ya umeme? Swali hilo lina mizizi ya zamani kuliko gari lenyewe.

Mrija wa Bourdon

Katika karne ya 19, viwanda, meli na treni za Ulaya na Marekani zilikwenda kwa nguvu ya mvuke. Mvuke ulifungiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, na presha ikizidi, pipa lilipasuka na kuua waliokuwa karibu. Vipimo vya wakati ule vilikuwa mirija mirefu yenye zebaki. Vilikuwa vizito, vilivunjika upesi, na havikufaa kwa treni inayotikisika.

Mwaka 1849, Mfaransa Eugène Bourdon, aliyekuwa na karakana yake Paris, alipata hati ya uvumbuzi wa kipimo kipya. Alichukua mrija wa chuma uliobanwa kidogo kuwa bapa, akaukunja kama upinde na kuuziba upande mmoja. Presha ikiingia, upinde unajaribu kujinyoosha. Ncha yake inavuta meno madogo, na meno yanazungusha mshale. Mwaka 1852, Edward Ashcroft alinunua haki ya kukitengeneza Marekani, na kipimo kikaenea kwenye treni za huko.

Ukifungua leo kadrani ya mrija inayopima presha ya mafuta ya motere, utakuta upinde ule ule wa Bourdon. Mafuta yenyewe yanatoka kwenye motere kupitia mrija mwembamba hadi nyuma ya mshale. Haihitaji batri wala waya, isipokuwa taa ya kuiangazia usiku.

Joto la maji

Magari ya kwanza hayakuwa na kadrani nyingi. Katika miaka ya 1910 na 1920, madereva wengi wa Marekani walitumia Boyce MotoMeter, kipimajoto kilichofungwa juu ya kizibo cha radiatere. Shofere alikisoma akiwa kwenye kiti chake, kupitia kioo cha mbele.

Baadaye kipimo kilihamia ndani ya gari. Kichupa kidogo cha chuma chenye kimiminika kinachogeuka mvuke kwa urahisi, kama etha, kilifungwa penye maji ya motere. Maji yakipata joto, kimiminika kinasukuma kupitia mrija mwembamba kama waya hadi kwenye upinde wa Bourdon. Joto linageuzwa presha, na presha inasogeza mshale. Ubaya wake ni kwamba mrija huo umefungwa kiwandani. Ukikatika au ukikunjika vibaya, hauungwi, na kadrani yote inatupwa.

Waya unachukua nafasi

Mwaka 1912, Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa umeme badala ya mpini wa kuzungusha. Tangu hapo batri ikawa kitu cha kawaida, na waya ukawa rahisi kupitisha kuliko mrija. Kifaa kidogo kinafungwa kwenye motere. Joto au presha ikibadilika, kifaa hicho kinapunguza au kuongeza umeme unaopita, na mshale unafuata. Waya unaweza kufika hata kwenye tangi la nyuma bila kuleta petroli karibu na shofere.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikaweka taa za onyo badala ya baadhi ya kadrani. Zilikuwa rahisi kwa kiwanda, na kampuni nyingine zikafuata. Lakini taa haisemi kwamba presha inashuka polepole tangu asubuhi. Inasema imeshashuka. Waendesha magari ya mashindano na madereva wa malori walitaka kuona namba, na biashara ya kadrani za kuongeza, kama zile za Stewart-Warner ya Chicago, ikapata wateja.

Kila moja inadanganya kwa namna yake

Kadrani ya mrija husema kweli hata batri ikiwa dhaifu, na mara nyingi mshale wake unazunguka sehemu kubwa ya duara, hivyo tofauti ndogo inaonekana. Lakini ile ya mafuta inaleta mafuta ya moto hadi kwenye miguu ya shofere. Mrija wa plastiki ukigusa ekzosi unayeyuka. Wa shaba ukitikiswa miaka mingi kwenye mashimo unapasuka, ndiyo maana fundi mzuri anauviringisha mara moja au mbili karibu na motere ili mtikisiko usiishie sehemu moja.

Kadrani ya umeme haimwagi kitu. Tatizo lake ni waya na kutu. Kifaa cha kwenye motere mara nyingi hupata masi kupitia nyuzi zake za skrubu. Fundi akizungushia utepe mwingi wa kuzuia mvujo, masi inapotea na mshale unasema uongo. Shofere anaweza kusimamisha motere nzima kwa sababu ya waya mmoja, au kuendelea kwa sababu mshale umetulia mahali pazuri.

Kuna hatari moja ambayo aina zote mbili zinashiriki. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapo maji ya sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndani ya radiatere, kizibo chenye springi ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kizibo kikichoka, maji yanachemka na kutoka kabla mshale haujafika kwenye nyekundu. Maji yakiisha, kipimo kinabaki hewani, na mshale unaweza hata kurudi chini wakati motere inaungua. Mshale unaoshuka ghafla mlimani si habari njema.

Kuchagua

Kwa kamyo au jeep ya zamani yenye nyaya zilizoungwa-ungwa, presha ya mafuta inapimwa vizuri na kadrani ya mrija, mradi mrija uwe mbali na ekzosi na ukaguliwe mara kwa mara. Kwa basi ambalo motere iko nyuma, na kwa petroli au mazutu ya tangi, umeme ni bora: mrija mrefu ni mahali pengi pa kuvuja. Kwa joto la maji, ya mrija inafaa ikiwa motere iko karibu na mrija unaweza kupita bila kubanwa. Kwa batri, kadrani ya volti ni salama kuliko ile ya ampea ya zamani, ambayo ilipitisha umeme mwingi nyuma ya tablo na iliweza kuwasha moto waya ukigusa chuma.

Mwenye uwezo anaweza kuacha taa ya kiwanda ifanye kazi pamoja na kadrani ya mrija. Zikipingana, shofere asichague ile inayompendeza. Azime motere, asubiri ipoe kabla ya kufungua kizibo, kisha apime mafuta na maji kwa macho yake. Na abiria walio ndani wamwache afanye hivyo bila kumharakisha.