“Vyama vya wafanyakazi vishughulike na mshahara tu”? Turudi 1922 kidogo

Uzi mfupi, watu wangu. Kila mara dhuluma kwa wanawake kazini ikijadiliwa humu, lazima mtu aseme: vyama vya wafanyakazi vishughulike na mshahara, hayo mengine ni ya polisi. Sitamtaja mtu wala chama cha siasa. Hoja hii naisikia pande zote.

Shangazi yangu alichuma chai miaka mingi. Kwake hayo hayakuwa mambo mawili. Msimamizi aliyepima majani ndiye huyo huyo aliyeamua nani aitwe tena kazini. Ukimkataa jioni, kesho kilo zako zinapungua kwa mizani. Sasa mshahara unaishia wapi na dhuluma inaanzia wapi?

Na si mambo ya jana. Mwaka 1919, Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza maafisa na machifu wapeleke watu kwa mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu. Wasichana walichukuliwa kwa nguvu, na wengine wakanajisiwa huko. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara kwa thuluthi moja. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walilalamikia kipande, kodi, mishahara, na mabinti hao, yote kwa pumzi moja. Haikuwa chama cha wafanyakazi cha kusajiliwa, sawa, lakini waliokijaza walikuwa wafanyakazi wa Nairobi.

Thuku alikamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi, na wanaume walipoanza kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake kuwaaibisha. Umati ukasonga mbele. Risasi zikalia. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Turuke hadi sheria ya sasa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, *baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao*. Soma tena hapo mwisho. Sheria yenyewe imekiwekea chama kiti mezani.

Kule Lesotho mwaka 2019, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake vilitia saini mikataba na mwenye viwanda vya jeans na kampuni za Marekani zinazonunua nguo hizo. Kukawa na wachunguzi huru wa malalamiko, na mnunuzi ana uwezo wa kupunguza oda kiwanda kikikaidi. Hapo mwajiri husikia haraka.

Lakini tusidanganyane. Februari 2023, BBC ilionyesha zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai ya Kenya wakisema wasimamizi wao waliwadhulumu. Vyama vilikuwepo miaka hiyo yote. Mara nyingi mwakilishi ni mwanamume, na anakunywa chai na msimamizi yule yule. Shangazi hakuwahi kumwendea wake. Alisema, “Nimwambie ndio akamwambie?”

Kama uko kwa chama, itisha CBA yenu leo. Angalia kama inasema malalamiko ya aina hii yanapelekwa kwa nani, na kama huyo mtu si bosi wako mwenyewe.