Kongwa: vifaru vilivyotumwa kulima karanga

Katika masimulizi ya mpango wa karanga wa Kongwa, sehemu inayochekesha watu zaidi ni ile ya vifaru. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Waingereza walikuwa bado wanapimiwa chakula kwa kadi, na mafuta ya kupikia yalikuwa adimu. Serikali yao ikaamua kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za pori, sehemu kubwa Tanganyika, zipandwe karanga. Kazi ikaanzia Kongwa, mashariki ya Dodoma, mwaka 1947. Matingatinga mapya hayakutosha. Basi kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikang'oa mizinga na vichwa vyake vya chuma, ikaviacha na minyororo ya kutembelea, ikaviita Shervick na kuviuza kama mashine za shamba. Vilipofika porini havikufua dafu, na tangu hapo vimekuwa kielelezo cha upuuzi wa mpango mzima. Mimi naona kicheko hicho kimemwelekea asiyestahili.

Kwanza tukubali kilicho kweli. Kifaru hutengenezwa kiende mbio, kigeuke upesi na kuhimili risasi. Tingatinga hutakiwa kuvuta mzigo mzito polepole, kutwa nzima, siku baada ya siku. Vickers wenyewe walilielewa hilo, maana baadaye walibuni Vigor, tingatinga lililochorwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kugeuza mashine ya kazi moja ifanye nyingine si wazimu. Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya Ferguson, trekta ndogo za shambani zilizofungwa minyororo ili zisizame kwenye theluji. Tofauti ni kwamba waliozifunga walijua zinakwenda kukanyaga nini, wakazijaribu barafuni kabla ya kuanza safari ndefu. Kongwa hakuna aliyeuliza ardhi swali hilo kwa makini.

Na ardhi ya Kongwa ilikuwa na majibu yake. Udongo wake una mfinyanzi uliochanganyika na chembe za kwatzi, mawe madogo yanayosaga chuma kama tupa. Kiangazi hukauka ukawa mgumu kiasi kwamba jembe la diski huisha makali upesi, na karanga iliyokomaa hukataa kung'oka. Chini ya vichaka vya miiba kuna mizizi iliyosukana, na kati yake mibuyu. Mashine zilizotangulia Shervick, nyingi zikiwa matingatinga yaliyochakazwa na jeshi, zilivunjika huko huko. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, zikapatikana kama 7,500. Vifaru havikuuleta mkwamo huo, vilikuta umekwisha kuanza.

Watetezi wa mpango husema bila kutumia mabaki ya vita kazi isingeanza kabisa, kwa kuwa chuma na mashine vilikosekana duniani kote. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao inapojifunga. Kama mashine hazikuwepo, njia ya busara ilikuwa kulima shamba dogo la majaribio kwa misimu kadhaa, si kutafuta mashine za kubabaisha ili ratiba ya London itimie. Tume ya John Wakefield, iliyotumwa kuchunguza kama mpango unawezekana, ilizunguka mwaka 1946 kwa muda usiofika miezi mitatu, sehemu kubwa ikiitazama nchi kutoka angani, na waziri wa chakula, John Strachey, akaupigania mpango huo bungeni kwa bidii. Wengine hutetea kwamba ni rahisi kuwa na hekima baada ya tukio. Lakini ujuzi ulikuwepo kabla. Wagogo, wenyeji wa huko, walikuwa wakiishi kwa uwele, mtama na ng'ombe, mazao na mifugo inayovumilia mvua isiyotabirika, na njaa kuu ya Mtunya, iliyoangamiza watu wengi Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza, ilikuwa haijatimiza hata miaka 30. Mzee yeyote wa Kongwa angeweza kuwaeleza habari za mvua. Kulaumu madereva na makanika wa Kiafrika, kama ilivyofanywa mara kwa mara, hakuna uzito: kwatzi haichagui nani ameshika usukani.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango, pamoja na pauni zaidi ya milioni 36 zilizokwisha kutumika. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa Kongwa ikageuzwa ranchi ya ng'ombe, ambayo iko mpaka leo.