Fuvu la Kichwa Juu ya Meza ya Tajiri

Mwaka 1603 Mholanzi Jacques de Gheyn alichora fuvu la binadamu ndani ya kishubaka, na juu yake kiputo kikubwa cha sabuni. Mchoro huo, ambao leo umo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, unahesabiwa kuwa wa mwanzo kabisa wa aina iliyokuja kuitwa vanitas: picha za vitu vilivyopangwa mezani ili kumkumbusha anayezitazama kwamba naye atakufa. Ujumbe wake ulitoka katika kitabu cha Mhubiri cha Biblia.

Aina hii ilistawi hasa Leiden, mji wenye chuo kikuu tangu 1575. Waprotestanti wa Kikalvini hawakutaka picha za watakatifu makanisani, hivyo mahubiri ya rangi yakahamia sebuleni. Na ya kuhubiri yalikuwepo. Tauni haikukoma kurudi, huku meli za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki zikishusha mali za kila namna. Februari 1637 bei ya tulipu, ua lililokuwa likiuzwa kama mali ya thamani, iliporomoka ghafla, na tangu hapo ua hilo kwenye mchoro likawa na uchungu zaidi.

Leiden ndiko Harmen Steenwijck alikofundishwa uchoraji na mjomba wake, David Bailly. Kazi ya Steenwijck ya mnamo 1640, ubao wa mwaloni usiozidi sana nusu mita kwa upana, kwangu mimi haina mpinzani. Kuna vitabu, ndiyo elimu. Filimbi na zumari, ndizo starehe. Upanga wa Kijapani, ndio nguvu. Na gamba la konokono wa bahari za mbali, lililosuguliwa likang'aa, ndiyo mali. Taa imezimika sasa hivi, uzi wa moshi bado unapanda kutoka kwenye utambi. Mwanga unashuka kutoka kushoto na kulipiga fuvu, ambalo baadhi ya meno yake ya juu yameng'oka.

Mchoraji hakuvidharau vitu hivyo. Kila mkunjo wa kitambaa na kila mng'ao wa gamba ameushughulikia kwa mapenzi, na hapo ndipo mahubiri yake yanapouma: anatuonyesha uzuri wa tutakavyoviacha. Tena picha yenyewe ilikuwa kitu cha kununuliwa na wenye uwezo, ikaning'inizwa karibu na mali ileile ambayo inatuonya juu yake.

Upande wa kulia una siri. Chini ya rangi ya mtungi wa mawe kimejificha kichwa cha mfalme wa Kirumi mwenye taji la majani. Steenwijck alikichora, kisha akabadili nia na kukifunika.

Mchoro huu ni mali ya National Gallery ya London, na picha yake imo kwenye tovuti ya jumba hilo. Ufungue, uukuze, kisha anza kwa kuutafuta ule moshi.